Kengele ya Tano

Binti yetu alisema tusiende, na sisi hatukwenda. Tulikwenda kunywa kahawa. Kama mkahawa wenyewe uko hatua mia moja kutoka gati la boti za matembezi, hilo ni kosa la aliyeujenga.

Siku ile, Jumamosi, binti yetu alikuwa na mtihani wa leseni ya unahodha. Ulikuwa kwenye boti inayozungusha watu bandarini mwishoni mwa wiki, ile kubwa nyeupe ya ghorofa mbili, ambayo imezeeka lakini kila mwaka inapakwa rangi upya, na kwa sababu hiyo watu wa bandarini wanaiita Bibi Harusi. Binti alianza humo akiwa mkata tiketi dirishani, akawa mfunga kamba, kisha msaidizi wa nahodha kwa miaka minne. Mtihani wa kwanza alishindwa. Kila kitu alikifanya sawasawa mpaka wakati wa kuegesha, hapo akaligonga gati, tairi moja la kukingia likapasuka na abiria mmoja akamwagikiwa soda gauni zima. Mtahini alifunga jalada lake bila neno na kuondoka. Huu ulikuwa mtihani wa pili, na kampuni haitoi wa tatu. Akishindwa na huu, anarudi dirishani kukata tiketi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za nusu ya bandari ile, basi na shati la mtihani nililishona mimi, jeupe, kola imesimama, mabega matupu kama sheria inavyotaka. Tepe nne za dhahabu za nahodha nazo nilikwisha kuzishona. Nilizifunga kwenye leso pamoja na sindano na uzi, nikazitia kwenye mkoba, na sikumwambia mtu. Mume wangu angejua angesema naita mkosi.

Mume wangu naye ni mtu wa Bibi Harusi. Amefanya kazi humo miaka ishirini na tisa, lakini chini, kwenye chumba cha mashine. Watu wanamwita Grisi. Amestaafu miaka sita sasa, na mashati yake nimeyafua kwa kila sabuni iliyowahi kutengenezwa, lakini ukimsogelea karibu na kola utajua jina hilo limetoka wapi.

Chumba cha mashine hakina dirisha. Zamani nahodha alikuwa juu na usukani wake, Grisi chini na mashine yake, na kati yao palikuwa na kengele ya shaba na bomba la kusemea. Nahodha akigonga moja, maana yake mbele taratibu. Mbili, simamisha. Tatu, rudi nyuma. Nne, kazi imekwisha, zima. Na aliyeko chini kila amri lazima airudie kwa sauti kwenye bomba, ili wa juu ajue kwamba imesikika. Ukiolewa na mtu wa namna hiyo unaolewa na kengele. Nyumbani kwetu aligonga glasi kwa kijiko. Moja, chakula kije. Mbili, mimi ninyamaze. Tatu, watoto warudi nyuma, wako karibu mno na televisheni. Binti yetu alijua kengele kabla hajajua kuhesabu.

Na kulikuwa na ya tano, ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Nahodha wa wakati ule alikuwa mtu mkavu, neno asante lilikuwa linamkwama kooni. Lakini siku akiridhika kweli na kazi ya walioko chini, baada ya zile nne aliacha kimya kidogo, kisha akagonga moja ya ziada. Jibu lake lilikuwa, "Chini tumesikia." Basi. Grisi aliipata mara mbili katika miaka ishirini na tisa, na tarehe zote mbili anazo kichwani, wakati tarehe ya ndoa yetu ananiuliza mimi.

Siku hizi mashine inaongozwa kutoka juu kwa mpini, bomba limezibwa, na kengele imebaki ya kufurahisha abiria. Wanaigonga moja wakati wa kuondoka na nne wakati wa kufika. Grisi anaona ni dhihaka, lakini hajawahi kuwaambia.

Basi, tukaenda mkahawani. Nilivaa viatu vyangu vya harusini. Tulikaa nje, meza ya pembeni, na mhudumu akatuletea kahawa mbili zenye povu, juu ya kila povu pamechorwa ua. Mume wangu aliitazama ya kwake muda mrefu.

"Kuna mtu amechora kwenye kahawa yangu," akasema.

"Ni pambo, mzee," mhudumu akamjibu kwa upole.

"Sasa nainywaje? Nilibomoe?"

Akakizungusha kikombe mpaka akapata upande usio na ua, akanywea hapo. Miaka yote hiyo tumeishi katika mji huu, watu wanatoka mbali kuja kukaa kwenye meza hizi, na sisi tulikuwa tunazipita mbio, yeye na kopo lake la mafuta, mimi na mafurushi ya sare. Nikaegemea kiti. Jua lilikuwa zuri, kahawa ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa na binti anayefanya mtihani wa unahodha. Moyo ulinijaa, na ukinijaa mdomo wangu hauna breki.

"Unaiona ile boti nyeupe?" nikamuuliza mhudumu. "Leo anayeiendesha ni..."

Ting, ting. Kijiko kwenye kikombe, mara mbili.

"Naam, mzee?" mhudumu akageuka.

"Si wewe, mwanangu. Ni huyu."

Nikanyamaza. Lakini kutoka pale tuliona paa la Bibi Harusi tu na bendera yake, na mtu hatoki nyumbani na viatu vya harusi kuja kuangalia paa. Nikasema tujinyooshe miguu kidogo kwenye soko la Jumamosi, ambalo linapangwa kando ya maji mpaka mlangoni mwa gati. Grisi alinitazama kwa jicho la pembeni. Hakusema hapana.

Soko lile ni la watu wenye nafasi. Mwingine anauza miche kwenye vikopo, mwingine vitabu vilivyosomwa, mwingine sabuni zenye majani ndani. Watu wanatembea polepole, wanashika, wanarudisha. Nilifika kwenye meza ya mifuko ya kitambaa, nikageuza mmoja ndani nje, nikakuta pindo limekimbia. Sikuweza kupita. Nilikaa na yule dada muuzaji robo saa nikimwonyesha namna ya kukunja mara mbili kabla ya kushona, naye akanipa mfuko wa shukrani na kuniita mwalimu. Niliporudi nikamkuta mume wangu ndani ya kofia pana ya ukili, mpya, imemfunika mpaka masikio.

"Hii ya nini?"

"Jua."

"Jua liko huku nyuma."

Akaishusha zaidi. "Tukipanda hatatuona," akasema.

Kwa hiyo hakuwa hata na haja ya kubembelezwa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima, ikaniozea mdomoni. Alinipa sharti moja tu, nisiseme na mtu yeyote kuhusu binti. Nikamwambia na yeye asimsahihishe mtu yeyote kuhusu mashine. Tukakubaliana.

Kwenye dirisha la tiketi palikuwa na msichana mgeni asiyetujua.

"Mbili za wazee?" akauliza.

"Ya mzee ni moja, ya huyu," nikamwambia.

Tulikaa ghorofa ya juu, kiti cha mwisho kabisa. Mbele, nyuma ya kioo, kilikuwa chumba cha usukani. Nilimwona. Aliuonyesha mgongo wake kwa watu wote wale, mstari wa shati umenyooka, na nilijisikia fahari kiasi cha kutaka kusimama. Nyuma yake alisimama mtahini, mtu mfupi mwenye suti ya bluu, na jalada lilelile la mara ya kwanza, amelibana kwapani.

Pembeni yangu alikaa bwana mmoja wa tai. Tai, Jumamosi, kwenye boti. Niliwahi kusikia kwamba kampuni huwa inatuma na mtahini wa siri akae na abiria. Nikajikaza kisabuni, nikafungua pakiti ya biskuti, nikamkaribisha. Akachukua tatu. Nikamsifia tai yake, nikamuuliza kazi yake. Akasema anauza mapazia, amekuja kupumzisha akili.

Grisi alikuwa hasikii hayo. Alikaa ncha ya kiti na mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekaribishwa sebuleni kwa bosi wake. Miaka ishirini na tisa ndani ya boti ile, na hakuwahi kukaa kwenye kiti chake hata kimoja.

Kengele ikagonga. Moja.

"Mbele taratibu!"

Mume wangu alikuwa amesimama wima, sauti ameitoa tumboni, ile sauti ya kushinda mashine. Kofia ilianguka nyuma. Abiria wote waligeuka. Watoto wakacheka. Na kule mbele, kwenye kioo, kichwa cha binti yetu kikageuka mara moja, kikarudi. Mtahini naye aligeuka, akatutazama zaidi kidogo, kisha akafungua jalada na kuandika kitu.

Grisi alikaa taratibu, uso umemwiva.

"Imenitoka," akasema.

"Umetuua," nikamwambia. "Ameandika."

Nilimwokotea kofia, nikaishika mwenyewe mapajani. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namwonea huruma, yote pamoja.

Bibi Harusi akatoka. Tukapita meli za mizigo zilizopangwa na winchi ndefu juu yao, tukapita hoteli zenye vioo, na kwenye kipaza sauti mtu akawa anaeleza hiki na kile. Upepo ulikuwa mwanana. Watu walipiga picha. Nami polepole nikaanza kufurahi tena, kwa sababu boti ilikwenda kama imewekwa kwenye reli. Mara nikamwona mume wangu ameshika ukingo, anatazama mnara wa taa uliokuwa unatupita kwa karibu, mweupe, na mstari mwekundu kiunoni.

"Kumbe upande huu una ngazi," akasema.

"Hukujua?"

"Tulikuwa tunaupita mara nne kwa siku. Niliujua kwa mashine. Hapa mashine inakuwa nzito kidogo, mkondo unasukuma, unaongeza mafuta kama unavyonyunyiza chumvi." Akasikiliza. Chini ya miguu yetu mngurumo ukabadilika kidogo sana, mimi nisingeujua. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ameongeza. Nilimwambia akiwa na miaka tisa."

Wakati wa kurudi upepo ulibadilika. Niliujua kwa kofia, ilianza kupigapiga mikononi mwangu kama kuku. Tulipokaribia tukaona gati pana, la kawaida, limejaa. Boti nyingine ilikuwa imechelewa kuondoka. Lililobaki wazi ni lile fupi la kona, na tairi moja jipya, jeusi kuliko wenzake. Mume wangu hakuhitaji kuniambia ni gati gani.

Tukalisogelea. Mita hamsini, thelathini, ishirini. Mfunga kamba kule chini alisimama tayari. Upepo ulitupiga ubavuni, nikaona pua ya boti inaanza kwenda kando, kidogo tu, kisha si kidogo. Nilishika mkoba. Nilizishika tepe zangu ndani ya leso na kujilaani kwa kuzishona mapema. Ghafla mngurumo ukakatika, maji yakachemka nyuma yetu, na Bibi Harusi akasimama, akarudi nyuma, akatoka kabisa mpaka katikati ya maji.

Watu wakaanza kunung'unika. Yule bwana wa mapazia akaangalia saa.

"Huyu dada hajiwezi," akasema. "Kazi kama hizi wangempa mwanamume."

Nilitamani anirudishie biskuti zangu. Lakini kwanza nilimgeukia mume wangu, kwa sababu roho ilikuwa juu juu.

"Ameshindwa?"

Grisi alikuwa anatabasamu, jambo ambalo hulifanya kwa nadra.

"Wewe ukiona pindo linakwenda upande unafanyaje?"

"Nafumua."

"Basi, amefumua. Mara ile ya kwanza aliogopa macho ya watu, akalazimisha. Leo ameuona upepo, akakataa."

Hapo ndipo nilipomgeukia bwana wa mapazia. Nikasikia pete ya mume wangu ikigonga chuma cha ukingo, mara mbili. Mbili zile sikuzisikia.

"Huyo dada ni binti yangu wa kwanza," nikamwambia. "Shati alilovaa nimelishona mimi, na mashine unayoikalia baba yake ameilea miaka ishirini na tisa. Wewe pazia lako likining'inia upande unamwachia mteja hivyohivyo, au unalishusha ukapime upya?"

Akasema analishusha.

"Basi kaa, tunapima upya."

Akakaa. Sharti nililovunja, nimelivunja.

Binti yetu alizunguka mbali, akaja kutoka upande wa pili, polepole mno, kiasi kwamba watoto walianza kuuliza kama tumesimama. Sasa upepo ulikuwa nyuma ya bega letu. Hakupigana nao. Aliuachia utusukume wenyewe kuelekea gati, na yeye akawa anauzuia kidogo, anauachia kidogo. Mume wangu alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti: nyuma, simamisha, mbele taratibu, simamisha. Na kila alichokisema, mashine ilikifanya. Sijui nani alikuwa anamfuata nani.

Tukaligusa gati kama unavyogusa paji la mtoto kujua kama ana homa. Tairi jipya lililia kidogo, likanyamaza. Hakuna soda iliyomwagika.

Kengele ikagonga. Moja, mbili, tatu, nne.

Abiria wakanyanyuka wote kwa pamoja, wakaning'iniza mikoba, wakawaita watoto, na migongo yao ikaniziba chumba cha usukani. Sikuweza kumwona binti yetu, wala mtahini, wala jalada. Nilijua tu kwamba huko mbele mtu mfupi wa suti ya bluu alikuwa anaandika, na kwamba mara iliyopita alifunga bila neno. Nilitaka kupanda juu ya kiti.

"Kaa," mume wangu akasema.

Alikuwa hajasimama. Mkono wake ulikuwa gotini, vidole vinne vimekunjwa, kidole gumba kimebaki nje. Ndipo nilipoelewa anasubiri nini, na nikaogopa kwa niaba yake kuliko nilivyokuwa nimeogopa kwa mtihani wenyewe. Watu wakawa wanateremka. Bwana wa mapazia akaniaga kwa heshima zote. Kimya kikawa kirefu. Nahodha wa zamani hakuwahi kukiacha kirefu hivyo, mume wangu aliniambia baadaye, na yeye alikwisha kukata tamaa, akaanza kukinyoosha kidole cha kwanza.

Kengele ikagonga mara moja.

Hakuna abiria aliyegeuka. Kwao ilikuwa kelele tu. Lakini binti yetu hachezei kengele, na ya tano haigongwi siku kazi imeharibika. Wala haigongwi kwa walioko juu. Hugongwa kwa wa chini.

Nikamtazama mume wangu ajibu. Alifungua mdomo. Mtu aliyejibu kengele miaka ishirini na tisa, aliyeijibu asubuhi ileile mbele ya umati mzima bila kuulizwa, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akanitazama, akagonga ukingo kwa pete yake, mara moja.

Moja maana yake mbele.

Nikapanda juu ya kiti na viatu vyangu vya harusi. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nimenyamazishwa nayo tangu nilipoolewa.

"Chini tumesikia!"

Kule mbele mlango wa chumba cha usukani ukafunguka, na nahodha akatoka mbio kuja kwetu, mabega matupu. Nikashuka kitini, nikafungua mkoba, nikatunga uzi kwenye sindano.